Kutuma Vipuri vya Kompyuta kwa Basi Bila Kuvivunja

Swali ni lilelile, wanaouliza ndio hubadilika. Mmoja kanunua kadi ya picha Kariakoo na anaitaka ifike Songea. Mwingine kahamishiwa Dodoma kikazi, ana kompyuta ya mezani aliyoiunda mwenyewe kipande kwa kipande. Yupo na fundi wa Mpanda anayetuma mazabodi za wateja Dar es Salaam kutengenezwa, zikirudi zimepona ugonjwa wa kwanza na zimepata wa pili. Wote hawana boksi la kiwandani wala ule mfuko wa kijivu unaokuja na kipuri kipya. Wafungie nini?

Fungia ulivyo navyo nyumbani, mradi ujue kipi kiguse nini. Makosa mengi ya ufungaji hayatokani na uhaba wa vifaa. Yanatokana na kitu kizuri kuwekwa pasipo pake: godoro limegusa saketi, foili imegusa betri, taulo limesukuma kioo.

Kwanza umeme tuli, maana ndio unaobishiwa

Kuanguka na kulowa kila mtu anakujua. Umeme tuli hauonekani, kwa hiyo watu hawauamini. Vua sweta asubuhi ya Julai pale Makambako, utasikia nyuzi zinatatarika na malaika ya mkono yanasimama. Ndio huo. Binadamu huanza kuhisi cheche yake ikishafika kama volti 3,000, ilhali chipu nyingine za kompyuta huharibika kwa chini ya volti 100. Unaweza kuiumiza ram kwa vidole vyako na usihisi chochote.

Mtu wa Tanga au Zanzibar ana nafuu, kwa sababu hewa ya pwani ina unyevu na umeme huo haupati nafasi ya kujikusanya. Wa Dodoma, Singida au Njombe wakati wa kiangazi hana nafuu hiyo.

"Mbona fundi wangu anatia ram kwenye mfuko wa shati na zinawaka?" Zinawaka, ndiyo. Lakini umeme tuli si lazima uue papo hapo. Huijeruhi chipu, ikaendelea na kazi, halafu baada ya wiki au miezi kompyuta inaanza kujizima ovyo. Siku hiyo hakuna atakayeukumbuka mfuko wa shati.

Kabla hujashika kipuri:

- Gusa chuma kitupu kisicho na rangi, kama bomba la maji la chuma au grili ya dirisha palipochubuka. Rudia kila unapotoka kwenye kiti na kurudi.
- Vua sweta na nguo za nailoni. Fulana ya pamba inatosha.
- Fanyia kazi juu ya meza ya mbao. Kitandani na juu ya zulia hapafai.
- Shika bodi kwenye kingo. Zile sehemu za rangi ya dhahabu za ram na kadi usiziguse kabisa.

Vitu vya kukusanya

Kabla ya kununua chochote, nenda kaombe. Maduka ya kompyuta na mafundi hutupa mifuko ya kuzuia umeme tuli karibu kila siku. Chukua ya kijivu inayong'aa, isiyo na matundu wala mikunjo iliyochanika. Ile ya rangi ya waridi ni hafifu: yenyewe haizalishi umeme, lakini haiuzuii unaotoka nje. Ukiipata ya kijivu, nusu ya kazi imekwisha. Ukiikosa, kusanya hivi:

- karatasi nyeupe za kawaida au bahasha za kaki;
- foili ya jikoni, ile ya kufungia vyakula;
- maboksi magumu mawili, moja likiingia ndani ya jingine na kubakiza nafasi ya sentimita 5 hivi kila upande;
- magazeti, na trei za mayai za karatasi;
- taulo, khanga au vitenge vikuukuu;
- selotepu pana.

Vifuatavyo visiguse saketi hata kidogo:

- Nailoni ya aina yoyote, pamoja na ile ya viputo. Na mifuko mbadala tuliyoanza kuibeba baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 usiidhani ni kitambaa. Mingi imetengenezwa kwa nyuzi za plastiki, na ikisuguana inazaa umeme.
- Vipande vya godoro, na lile povu jeupe la maboksi ya televisheni. Vyote viwili ni vizuri nje ya foili, ni vibaya ndani yake.
- Sufi, maranda na pamba. Vinaacha nyuzi na vumbi kwenye soketi, na kuvitoa ni kazi ya kibano na macho makali.
- Mchele wa kunyonya unyevu. Una unga. Kama unataka kunyonya unyevu, tumia vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Mazabodi, hatua kwa hatua

Ukiweza kufunga mazabodi, vingine vyote vitakuwa rahisi.

1. Chomoa kadi ya picha na uvue feni ya prosesa, hasa ile ndefu yenye mapezi ya chuma. Uzito wake ukitikiswa kutwa nzima juu ya bodi unaweza kuivunja.
2. Toa betri ndogo ya duara. Ni ya volti 3, na ndiyo inayoifanya foili iwe hatari: foili inapitisha umeme, ikigusa nyaya za bodi yenye betri itapiga shoti. Ukiitoa, saa na tarehe vitapotea, na bodi nyingine husahau mipangilio pia. Piga picha kurasa za BIOS mapema.
3. Tazama soketi ya prosesa. Kama pini ziko kwenye bodi yenyewe na kile kifuniko cha plastiki kimepotea, acha prosesa mahali pake, ukifunga klipu yake. Hakuna kifuniko bora kuliko prosesa yenyewe.
4. Funga bodi nzima kwa karatasi, tabaka mbili au tatu. Geuza uone mgongo wake: zile ncha za lehemu zilizojitokeza zinatoboa karatasi bila shida. Weka kipande cha boksi upande huo.
5. Sasa foili. Izungushe yote bila kuacha upenyo, kunja kingo mara mbili. Upande unaong'aa ukiwa ndani au nje, kazi ni ileile.
6. Kata vipande viwili vya boksi gumu vilivyoizidi bodi kwa sentimita 2 kila upande. Ilaze katikati, kisha bandika selotepu kwenye kingo za maboksi tu.

Hatua ya nne ndiyo watu huiruka. Wamesikia foili inazuia umeme tuli, basi wanaizungusha moja kwa moja juu ya bodi yenye betri. Afadhali wangeiacha bila kuifunga.

Bodi ya laptopu hufungwa vivyo hivyo, ila ni nyembamba na hupinda. Iongezee boksi, na viunganishi vidogo vya mikanda vifungwe klipu zake kabla ya kufunika.

Prosesa na ram

Zipo prosesa za namna mbili, na kuchanganya hizo mbili ndiko kunakovunja pini. Za Intel za kompyuta za mezani, tangu mwaka 2004, zina vitone bapa chini na pini ziko kwenye soketi. Za AMD za soketi ya AM4 zina pini 1,331 chini ya prosesa yenyewe, nyembamba kiasi kwamba kidole kinazilaza. AM5, iliyotoka mwaka 2022, ilihamishia pini kwenye bodi.

Kwa ile yenye pini, kata tundu la mraba wa sentimita 4 kwenye boksi nene, prosesa ikae humo kwa kubanwa kingoni, pini zikining'inia bila kugusa kitu. Pandisha tabaka za boksi chini yake hadi pini zipate nafasi, funika juu na chini, kisha karatasi na foili. Usizichomeke kwenye povu jeupe, hata kama uliona mtu akifanya hivyo.

Onyo kuhusu kuvua feni ya AM4: ile dawa ya joto iliyo kati ya feni na prosesa ikikauka hugandisha. Ukivuta juu kwa nguvu, prosesa inang'oka pamoja na feni huku soketi imefungwa. Washa kompyuta dakika kumi ipate joto, izime na uchomoe waya wa umeme, kisha zungusha feni kidogo kulia na kushoto ndipo uinue.

Ram ni nyepesi na ngumu kuliko watu wanavyodhani. Ifunge kwa karatasi kisha foili, uiweke kati ya vipande viwili vya boksi. Kama ni mbili, kila moja iwe na karatasi yake. Zikisuguana, vile vichipu vidogo vya pembeni vinang'oka.

Diski

Nakili kwanza. Kama diski ina kitu ambacho hakipo popote pengine, usiitume kabla hujakinakili, wala usiniulize namna ya kuifunga.

Diski ya kuzunguka ina visahani ndani, na vichwa vya kusomea huelea juu yake kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi. Ikizimwa sawasawa, vichwa hujiegesha pembeni na diski inastahimili mengi. Kwa hiyo zima kompyuta kabisa. Kuilaza usingizini hakutoshi. Subiri kidogo isimame ndipo uchomoe. Ifunge kwa karatasi na foili, halafu taulo zima. Kwa hii ndipo lile godoro linapofaa, nje ya foili.

SSD haina kinachozunguka, haihofii mtikisiko. Hofu yake ni umeme tuli na kupindwa, hasa ile ndogo nyembamba ya M.2. Ichukulie kama ram.

Wengi huuliza kama mashine ya kukagulia mizigo uwanja wa ndege inafuta diski. Haifuti.

Vioo

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kioo cha monita au cha laptopu ni vioo viwili vyembamba, kila kimoja chini ya milimita moja, na kati yake kuna tabaka la kioevu. Hakivunjwi na kuanguka peke yake. Mara nyingi kinavunjwa na kitu laini kilichosukumwa katikati: taulo lililokunjwa vibaya, kamba iliyokazwa, au begi la mtu mwingine.

Kanuni ni moja: uzito ubebwe na fremu, kioo kisibebe chochote.

Kwa monita:

- Ondoa mguu wake. Mguu ukibaki, ndio utakaosukumwa.
- Tandika kitambaa laini kimoja, kisichokunjwa, juu ya kioo.
- Juu yake weka boksi gumu lililokatwa sawa na monita nzima, likiegemea fremu.
- Selotepu izungukie mgongoni na kingoni. Isipite kwenye kioo.
- Safirisha ikiwa imesimama, kama ilivyokaa mezani. Ukiilaza, mtu ataweka kitu juu yake, hata ukiandika nini.
- Kwenye gari ndogo, isimamishe nyuma ya kiti cha mbele, uso ukitazama mgongo wa kiti, na mto katikati.

Kioo kitupu cha laptopu, kile ambacho fundi anaagiza kutoka Dar es Salaam, kinataka zaidi. Tafuta vipande viwili vya plaiwudi vilivyokizidi kwa sentimita 2 kila upande. Kilaze kwenye kitambaa chembamba juu ya plaiwudi ya kwanza, kizungushie fremu ya boksi yenye unene unaokizidi kidogo, halafu funika na plaiwudi ya pili. Ukibonyeza plaiwudi katikati, kioo kisipate habari. Angalia pia ule ukanda wa saketi ulio chini ya kioo, wenye kiunganishi cha waya. Ni mwembamba mno na huvunjika bila sauti, kwa hiyo upande huo upewe nafasi zaidi. Mpokeaji akikuta kioo hakina ufa lakini hakionyeshi picha, aanze kuchunguza hapo.

Ukituma kompyuta nzima ndani ya kasha lake

Chomoa kadi ya picha na uvue feni nzito, uzifunge kando. Kadi nyingine zinazidi kilo moja, na kwenye barabara ya vumbi zinang'oa nafasi zilimochomekwa. Vingine vibaki. Kisha lilaze kasha ubavu, mazabodi ikiwa chini na imelala, ili kila kilichobaki kibonyee kuingia kwenye nafasi yake badala ya kuning'inia. Pawa sapulai iache ilipo na usiifungue, maana ndani yake umeme hubaki hata ikiwa imechomolewa.

Betri ya laptopu

Betri iliyovimba haisafirishwi kwa njia yoyote. Iliyo nzima ifunikwe selotepu kwenye viunganishi vyake na iwekwe mbali na foili. Kwa ndege, betri ya akiba hupanda nawe kabati la abiria, haiingii kwenye mzigo wa chini. Hadi Wh 100 haina shida. Kati ya 100 na 160 omba idhini ya shirika la ndege kwanza. Kiasi kimeandikwa kwenye betri. Kama hakipo, zidisha volti kwa Ah.

Boksi ndani ya boksi

Boksi la ndani lijazwe hadi kipuri kisisogee. Kati ya maboksi mawili, weka trei za mayai chini na juu, na magazeti yaliyofinyangwa pembeni. Funga, kisha tikisa kwa mikono miwili. Ukisikia chochote, fungua uongeze. Wengi hufanya jaribio hili, wakasikia kitu kikigonga, wakasema "ni kidogo tu". Mwendo wa Dar es Salaam hadi Songea ni kutwa nzima ya kugongagonga huko.

Boksi la nje, na hilo tu, lizungushie nailoni nene. Kwenye buti la basi utapakana na ndoo za samaki, madumu ya mafuta na maji ya mvua yanayopenya mlangoni. Kiroba peke yake hakizuii maji.

Njiani

Kinachoingia kwenye begi, kibebe mwenyewe. Ram, prosesa, diski na hata mazabodi ndogo zinakaa mapajani salama kuliko popote kwenye basi. Kama wewe husafiri, mtafute anayesafiri.

Kwenye bodaboda, begi mgongoni, kwa sababu mwili wako unapunguza mishtuko. Usikubali monita ifungwe nyuma kwa mpira wa pikipiki. Kodi bajaji.

Kwenye boti ya Zanzibar au Pemba, kaa ndani na mzigo wako. Rasharasha za maji ya chumvi ya bahari zinakula viunganishi taratibu.

Anayehamia Dodoma ana treni ya umeme tangu 2024, yenye mtikisiko mdogo kuliko barabara. Uliza kwanza ukubwa wa mzigo unaoruhusiwa kuingia nao.

Ukiwa ofisi ya basi:

- Piga picha kipuri kabla ya kukifunga, namba yake ya utambulisho ikionekana, na boksi likiwa limefungwa.
- Kwa karani taja thamani halisi na uhakikishe imeandikwa kwenye risiti. Soma na maandishi madogo ya nyuma. Mara nyingi ndiko fidia inakowekewa kikomo.
- Nje ya boksi usiandike "kompyuta". Unamwita mwizi. Andika KIOO kwa herufi kubwa pande zote, na mshale wa juu. Makuli hushusha mamia ya maboksi kwa siku, na neno hilo wanaliheshimu kidogo.
- Omba liwekwe juu ya mizigo mingine. Ukimwona utingo mwenyewe ukamwambia kwa heshima, inasaidia kuliko maandishi.

"Si ningelipia tu kampuni ya kusafirisha vifurushi?"

Lipia, kama uwezo upo. Lakini usidhani wanakufungia. Kwa kawaida mzigo unapokewa ulivyo, na kipuri kikivunjika swali la kwanza ni kama ulikifunga vizuri. Kazi yote hapo juu inabaki kuwa yako.

Mzigo ukifika

Sehemu hii mtumie mpokeaji kwa simu, kwa sababu vipuri vingi hufika vizima vikaunguzwa mezani.

- Kagua boksi mbele ya karani kabla ya kusaini. Likiwa limebonyea au limelowa, piga picha hapohapo.
- Usifungue mara moja. Kipuri kilichotoka baridi ya Njombe kikaingia joto la Dar es Salaam kinatoa jasho, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Kiache kikiwa kimefungwa saa kadhaa, au hadi kesho yake kama ni diski au monita.
- Gusa chuma ndipo ufungue foili.
- Tazama pini na soketi kwa tochi ya simu kutoka pembeni. Pini iliyolala itaonekana kwa kivuli chake.
- Rudisha betri ndogo, kisha chomeka vilivyochomolewa kimoja kimoja.
- Mwisho kabisa, kabla ya kubonyeza swichi, kagua mgongo wa mazabodi na ndani ya kasha utafute vipande vya foili. Kipande cha ukubwa wa ukucha kinatosha kupiga shoti.